Kwa nini vijidudu vya TB huwa sugu kwa dawa?

Kijidudu cha kifua kikuu ni kiumbe chenye seli moja. Ili kiishi na kuzaana, lazima kitengeneze protini. Maelekezo ya kutengeneza kila protini yamo kwenye jeni zake.

Protini hutengenezwaje?

Kwanza, kimeng'enya maalumu husoma jeni na kutoa nakala yake. Kisha nakala hiyo hufuatwa kuunganisha amino asidi, moja baada ya nyingine, hadi protini ikamilike. Dawa ya rifampisini hukizuia kimeng'enya hicho. Bila nakala hakuna protini mpya, na kijidudu hufa.

Kosa dogo, madhara makubwa

Kijidudu kinapogawanyika, hunakili jeni zake zote. Mara chache hutokea kosa. Kosa likitokea kwenye jeni ya rpoB, yenye maelekezo ya kimeng'enya hicho, umbo lake linaweza kubadilika kidogo. Kinaendelea na kazi, lakini rifampisini haipati tena mahali pa kushika.

Isoniazidi ni tofauti: huanza kufanya kazi baada ya kuamshwa na protini ya kijidudu chenyewe. Jeni ya protini hiyo, katG, ikiharibika, dawa hubaki bila nguvu.

Je, dawa ndizo huleta makosa haya?

Hapana, hutokea yenyewe. Lakini ndani ya mapafu yenye vijidudu vingi sana, vichache vinaweza kuwa tayari na kosa. Ndiyo maana unapewa dawa kadhaa kwa pamoja: kinachokwepa moja huuawa na nyingine. Ukiruka dozi au ukiacha dawa kwa sababu umepata nafuu, vijidudu sugu hubaki na kuzaana.

Usimlaumu mwenye TB sugu. Wengi huambukizwa vijidudu ambavyo tayari ni sugu, kwa njia ya hewa.

Utajuaje?

Kipimo cha GeneXpert huchunguza jeni ya rpoB kwenye makohozi na kutoa majibu ndani ya saa 2 hivi. Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha mwaka 2010.

Ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, nenda kituo cha afya ukapimwe. Ukianza matibabu, maliza dozi yote. Dawa zikikusumbua, usiziache. Mwone mhudumu wa afya mapema. TB sugu pia inatibika, kwa dawa nyingine.