Miaka Thelathini kwa Baiskeli Moja

Tuseme unaye kijana wa miaka 19 anayeishi kwa mjomba wake Ngerengere, katika ile nchi ya mkonge ambako Reli ya Kati hupita kabla ya kufika Mikese na Morogoro. Jumamosi jioni anatoka kilabuni pamoja na mwenzake, huyo mwenzake ameshika rungu. Njiani wanakutana na mtu anayekokota baiskeli. Mmoja anamsukuma, mwingine anaikamata baiskeli, nao wanatokomea gizani. Kulipokucha baiskeli imeonekana, vijana wamekamatwa, na mjomba anakupigia simu huku sauti ikimtetemeka. Mfano huu ni wa kutunga, wala haumhusu mtu yeyote wa Ngerengere. Lakini sheria itakayowakabili vijana hao si ya kutunga hata kidogo.

Wewe utasema wameiba. Ni kweli, lakini jina la kosa ndilo litakaloamua maisha yao. Hati ya mashtaka ikiandikwa wizi, Kanuni ya Adhabu inataja kifungo kisichozidi miaka 7, na hakimu anaweza kushuka chini ya hapo kadiri aonavyo haki: miezi michache, faini, au hata kumwachilia mkosaji kwa masharti. Ikiandikwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa sababu ya lile rungu na ule msukumo, kifungo hakipungui miaka 30. Tena dhamana hakuna. Kijana atakaa mahabusu mpaka kesi iishe, iwe miezi au miaka. Mjomba anaweza kuwa mtu mwenye heshima zake kijijini, na baiskeli inaweza kuwa imekwisha rudishwa kwa mwenyewe bila hata kupasuka tairi. Hayo yote hayahesabiwi mizani ya adhabu inapofika.

Sheria za namna hii zina historia ndefu kwetu. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini. Waliolengwa walikuwa wala rushwa, wezi wa mali ya Serikali na ya vyama vya ushirika, wezi wa ng'ombe, wavunja nyumba na wanyang'anyi. Adhabu ya chini ilikuwa kifungo cha miaka 2 na viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 kabla ya kutoka. Mwalimu Nyerere, alipokwisha kustaafu, aliikumbusha sheria hiyo hadharani, akaeleza kwamba vile viboko vya kutokea vilikuwa ili mtu akamwonyeshe mkewe. Wasikilizaji walicheka sana. Nadhani mke aliyeonyeshwa hakucheka.

Hakimu aliachiwa mlango mmoja mwembamba. Kama mkosaji alikuwa wa mara ya kwanza, na mali haikuzidi shilingi 100, na tena palikuwa na sababu maalumu, aliweza kupunguza adhabu. Fikiri basi juu ya karani wa chama cha ushirika aliyechota shilingi 95 ili apeleke mtoto hospitali, na mwenziwe aliyechota 105 kwa shida ile ile. Wa kwanza aliweza kusikilizwa. Wa pili alikwenda kuchapwa. Haishangazi kwamba majaji wa Mahakama Kuu walitumia karatasi nyingi wakijadiliana maana ya hayo maneno "sababu maalumu".

Mwaka 1972 sheria hiyo ilifutwa ikaandikwa nyingine. Viboko viliondolewa, lakini vifungo viliongezwa. Mwizi wa ng'ombe, kwa mfano, alikabiliwa na miaka 5. Mwaka 1989 viboko vikarudi, na unyang'anyi ukapandishwa kuwa miaka 15, au 30 ikiwa mkosaji alikuwa na silaha, au alikuwa na mwenzake, au alijeruhi mtu. Mwaka 1998 ikaja sheria ya makosa ya kujamiiana, nayo ikaweka miaka 30 kwa kosa la kubaka.

Nisieleweke vibaya. Msichana aliyebakwa alistahili kulindwa dhidi ya hakimu aliyeona shauri lake ni dogo, na mtu aliyekatwa panga njiani anastahili kulala akijua aliyemkata hayupo mtaani. Ubaya ni kwamba hiari ya kupima adhabu haikutoweka. Ilihama. Ilitoka kwa hakimu, ambaye hutoa sababu zake mbele ya watu na huweza kukosolewa kwa rufani, ikaenda kwenye meza ambako hati ya mashtaka huandikwa, mahali ambapo wewe na mimi hatuingii. Hapo neno moja lina thamani ya miaka zaidi ya 20, na penye thamani kubwa namna hiyo vishawishi navyo huwa vikubwa.

Matokeo yake hufika mpaka nyumbani. Mshtakiwa akijua ni miaka 30, hana faida ya kukiri hata kama roho yamsuta, basi kesi hurefuka. Kijana wa miaka 19 akimpa mimba msichana wa miaka 17, sheria haiulizi kama walipendana. Lakini wazazi huuliza, nao wengi huona afadhali wamalizane sebuleni, shahidi asafirishwe kwa shangazi, na kesi ife. Katika njia hiyo hiyo hupita pia mtu mzima aliyemharibu mtoto, akatoka salama.

Majirani zetu nao wamelumbana juu ya jambo hili. Mwezi Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila kosa la kuua ni kinyume cha katiba. Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha kwetu, iliamua vivyo hivyo dhidi ya Tanzania Novemba 2019. Lakini Julai 2024 mahakama ile ile ya Kenya ilisema vifungo vya chini vya makosa ya kujamiiana vibaki kama Bunge lilivyoviweka.

Turudi kwa mjomba wa Ngerengere, ambaye bado ameshika simu. Mwambie aende mapema, aulize kosa limeandikwa kwa jina gani. Akumbuke nani aliona rungu na nani hakuliona, maana Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani zikiona unyang'anyi haukuthibitishwa zaweza kubakiza wizi peke yake; ukithibitishwa, haziwezi kushuka chini ya ile miaka 30. Aulize pia habari za msaada wa kisheria kwa asiyeweza kulipa wakili, maana sheria ipo tangu mwaka 2017. Na kijana akifungwa na Mahakama ya Wilaya, taarifa ya kukata rufani itolewe katika siku 10, na rufani yenyewe ipelekwe katika siku 45. Siku hizo zinahesabiwa hata kama nauli ya kwenda Morogoro haijapatikana.