Mwata aliyeacha kitabu: fikra za Chinyanta Nankula bado hai Mwansabombwe

MWANSABOMBWE – Kila mwisho wa Julai safari nyingi za ukanda wa Ziwa Mweru huelekea hapa, kwenye Mutomboko. Mwata Kazembe hucheza ngoma ya ushindi, na Walunda hukumbuka safari ya wazee wao kutoka kwa Mwata Yamvo, ng'ambo ya Luapula, katika nchi ambayo leo ni Kongo.

Hadithi hiyo ilisimuliwa kwa mdomo kwa vizazi. Aliyeiweka kitabuni ni Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, aliyetawala kuanzia 1941 hadi 1950. Kitabu chake, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani "Wazee Wangu na Watu Wangu", kilitoka 1951, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mwaka huohuo Shaaban Robert alitoa Kusadikika.

Wazo lililo nyuma ya kitabu hicho lina ndugu mbali. Huko Ujerumani, Johann Gottfried Herder (1744–1803) alikusanya nyimbo za watu wa kawaida, akifundisha kwamba roho ya taifa hukaa katika lugha na nyimbo zake. Washairi wa Kiromantiki walijenga juu ya fikra hiyo. Chinyanta naye alishughulikia hatari ileile ya kumbukumbu kupotea. Sifa za wafalme husemwa kwa Kilunda cha kale, kisichoeleweka na wengi, kwa kuwa Walunda wa Luapula huzungumza Kibemba. Ndiyo maana aliandika kwa Kibemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu Ian Cunnison alikitafsiri kwa Kiingereza. Tangu hapo ni vigumu kuandika historia ya Luapula bila kukitaja. Mwanahistoria Giacomo Macola ameonyesha jinsi kilivyosaidia Walunda kujiona kuwa taifa moja.

Kwa mfanyabiashara, jambo hili si la wasomi peke yao. Mpaka wa 1894 kati ya Waingereza na Dola Huru ya Kongo uliufanya mto Luapula kuwa mstari wa serikali mbili. Lakini biashara ilitangulia mpaka: Livingstone alipofika kwa Kazembe Novemba 1867, alimkuta tayari mfanyabiashara wa pwani, Muhammad bin Saleh. Anayevuka leo na dagaa au vitenge anapita katika njia ya zamani, kati ya watu wanaodai asili moja.

Hata hivyo, kitabu hicho ni sauti ya ikulu. Wabwilile na Washila walikuwapo ziwani kabla ya Walunda, na wao wana masimulizi yao kuhusu nani mwenye ardhi na nani mwenye maji. Mfanyabiashara anajua kwamba hesabu haifungwi kwa daftari la upande mmoja. Chinyanta alifungua daftari la kwanza. Ya majirani zake nayo yanahitaji waandishi, wakati wazee wangali hai.