Kabla ya kulipa masomo ya kuendesha motokari

Ndugu wanachama, koperative inaweza kupata motokari na mahindi yakabaki tu kwenye depo. Nimeona vile upande wa Mutshatsha: pick-up iko, mafuta iko, lakini hakuna mwanachama hata mmoja anayejua kuendesha. Wakakodi shoferi kutoka Kolwezi, na malipo yake yakakula sehemu kubwa ya faida. Mwaka uliofuata wakatuma kijana mjini kujifunza. Siku zake za kwanza zikaisha kwa kuelezwa pedali ni ngapi na alama za barabarani zinasema nini. Hayo yote angeweza kuyajua akiwa kijijini, bila kulipa hata franga moja.

Kwanza macho. Simamisheni motokari, mhesabu hatua 25, kisha anayetaka kujifunza asome namba ya plaketi kwa sauti. Akishindwa, aende kituo cha afya, masomo yangoje miwani.

Kisha miguu. Motokari ikiwa imezimwa, freni ya mkono imevutwa, akae kwenye kiti cha shoferi. Kushoto ni ambreaji, katikati freni, kuume mafuta. Mguu wa kushoto ni wa ambreaji peke yake, ule wa kuume unafanya kazi ya freni na mafuta. Arudie mpaka asiangalie chini tena. Wenye kuzoea pikipiki njo wanachanganyikiwa zaidi hapa, kwa kuwa kwenye pikipiki nyingi ambreaji iko mkononi na vitesi iko mguuni.

Alama si nyingi vile watu wanafikiri. Pembe tatu yenye mpaka mwekundu, ncha juu, inaonya hatari. Ncha ikiwa chini, acha wengine wapite. Duara yenye mpaka mwekundu inakataza, duara ya bluu inaamuru. Sheria yetu ya barabara ni ile ya mwaka 1978, na kwenye njia panda isiyo na alama, anayetoka kuume kwako anapita kwanza. Mnapopanda taksi kwenda Kolwezi, kaeni karibu na shoferi, mjiulize kila njia panda: nani anapita? Ni masomo ya bure, ijapokuwa saa ingine shoferi mwenyewe atakuonyesha namna isiyofaa.

Sasa kuna kamio. Hizi kubwa zinazopeleka shaba na kobalti Kasumbalesa, nyingi zinatoka inchi ambako watu wanapita kushoto, kama Zambia. Volani yao iko kuume. Sisi tunapita kuume, kwa hiyo unapotaka kuipita, unapitia upande wa kushoto wa kamio, mahali ambapo shoferi wake anaona vibaya. Vumbi la kiangazi likiongezeka, hakuoni kabisa. Mwanafunzi aelewe jambo hilo mbele hajagusa volani: anaweza kubaki nyuma ya kamio hata saa nzima, mahindi hayataoza.

Na mwendo, tuupime shambani. Mistari ya mahindi yetu inaachana sentimetre 75. Motokari yenye kwenda kilometre 40 kwa saa inapita metre 11 kwa sekonde moja, karibu mistari 15. Kwa 80 ni mistari 30. Tembeeni hiyo mistari 30 kwa miguu, ndipo mtajua mtoto akiruka barabarani mko mbali kiasi gani mbele ya kuanza kukanyaga freni. Na freni yenyewe, mwendo ukizidi mara mbili, inahitaji nafasi mara nne. Ongeza magunia 20 ya kilo 50 nyuma, tayari tani moja: motokari inachelewa zaidi kusimama.

Juu ya nani atumwe, nasema wazi: msimtume mtoto wa prezida kwa sababu ni mtoto wa prezida. Awe na miaka 18 ao zaidi, asiwe mlevi, na akubali kuhesabiwa mafuta. Bamama wanaweza vizuri. Tumeni wawili, juu mmoja akigonjwa ao akiitwa kwenye mgodi, motokari isirudi kulala. Kwa pick-up wanahitaji permi ya kategori B; ile ya pikipiki haitoshi.

Wakati mzuri ni Juni mpaka Agosti: mahindi yameuzwa, feza iko, matope hakuna. Oktoba, mbegu na mbolea zikianza kupelekwa, watakuwa wamekwisha kuzoea.