Kufundisha Uhandisi kwa Uhuishaji: Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, huenda tatizo lililokuleta ni hili: unachora mota ya umeme ubaoni, wanafunzi wananakili vizuri, lakini ukiwauliza kinachoizungusha ni nini, darasa zima kimya. Usiwalaumu. Mchoro umetulia, nawe umeuliza habari za mwendo.

Uhuishaji ni mfululizo wa picha zinazotofautiana kidogo kidogo. Zikipitishwa upesi, jicho huona kitu kimoja kinachosogea. Sinema za kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde. Kwa kuanzia, hilo linakutosha.

Tuchukue mota ya fezi tatu, kama ile ya mashine ya kusaga unga. Sehemu yake isiyozunguka, yaani stata, ina koili za waya zinazopokea fezi tatu za umeme, kila moja ikifikia kilele nyuma kidogo ya mwenzake. Hapo huzaliwa uga sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi, na uga huo huzunguka ingawa koili hazisogei hata kidogo. Wengi hukwama hapa, na wana haki. Umeme ukiwa wa hezi 50, yaani wa kujirudia mara 50 kwa sekunde, na stata ikiwa ya ncha mbili, uga huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Hata ukiifungua mota hutauona. Kwenye uhuishaji, mzunguko mmoja unaweza kuupa sekunde 10, ukawa umeupunguzia kasi mara 500. Sasa mwanafunzi anaiona rota, ile sehemu inayozunguka, ikiukimbiza uga bila kuufikia. Rota ikienda mara 2,880 kwa dakika, uga ukimaliza mizunguko 25 yenyewe imemaliza 24. Pengo hilo huitwa mtelezo. Lisipokuwepo, umeme hauzaliwi ndani ya rota, na nguvu ya kuizungusha haipo.

Je, kila somo lihuishwe? Hapana. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Barbara Tversky na wenzake walipitia tafiti zilizosifu uhuishaji, wakaona kwamba mara nyingi ulishinda kwa sababu ulibeba maelezo ambayo picha tuli hazikupewa. Walionya pia kwamba mwendo wa haraka au wenye mambo mengi humpita mtazamaji. Mchoro wa kuunganisha nyaya, usio na mwendo wa kuonyesha, basi uache ubaoni.

Mwaka mmoja kabla yao, watafiti Richard Mayer na Paul Chandler walionyesha kwamba wanafunzi waliojiendeshea uhuishaji kipande kwa kipande walitatua maswali mapya vizuri kuliko walioutazama mfululizo. Kwa hiyo kitufe cha kusimamisha kina thamani kuliko rangi, nasi wahandisi tunapenda rangi mno.

Jaribu hivi wiki hii: simamisha picha, badilishanisha fezi mbili, kisha waulize uga utazungukia upande gani. Waandike majibu kabla hujabonyeza.