Umepigwa tochi, picha yenyewe ukungu mtupu: Ulipe au ukatae?

Hapa Msimbazi kitu pekee chenye mwendokasi ni lile basi lenye jina hilo. Magari mengine yote yanasukumana na maguta, wabeba mizigo na akina mama wenye mabeseni vichwani. Ukiweza kufikisha kilometa 20 kwa saa kutoka Fire hadi Gerezani, basi jua siku hiyo ni sikukuu na watu wamebaki majumbani.

Cha ajabu ni kwamba ukipita kwenye vijiwe vya madereva wa kirikuu hapa Kariakoo, siku hizi hata Simba na Yanga zinapumzishwa. Ni tochi tu! Kwa wewe usiyeendesha, kupigwa tochi ni kupimwa mwendo na ile mashine ya mkononi ya trafiki, ambayo inatoa picha ya gari lako na kasi yake imeandikwa humo humo. Ukikutwa umezidisha, ni shilingi 30,000. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza pale picha inapokuwa na ukungu, namba hazisomeki sawasawa, na gari lenyewe limebanana na jingine. Je, ulipe yaishe, au ukomae?

Niliingia kwenye ubishi huo kwa sababu ya shemeji yangu, mume wa dada. Anaendesha kirikuu ya tajiri mmoja, hesabu anapeleka kila jioni. Siku moja akaingiza namba za gari kwenye mfumo wa faini za barabarani, si unajua unaangalia deni kwa simu tu, akakuta kitu. Mwendo wa 74 kwenye eneo la 50, Barabara ya Morogoro. Shemeji akaapa kwa Mungu kwamba siku hiyo alishinda Mbagala na magunia ya viazi. Kibaya zaidi tajiri naye alishaliona deni, na tajiri huyo ana msemo mmoja tu: dereva mwenye mbio akatafute gari la mashindano. Kwa hiyo halikuwa suala la elfu thelathini tena, ilikuwa ni ajira.

Dada akasema, "Baba watoto, lipa. Ukianza kuzungushwa utapoteza siku tatu, na siku tatu ni zaidi ya hizo." Mzee mmoja wa kijiweni, anayependa kesi kuliko chai, akasema kataa, twende kortini, mimi shahidi. Shahidi wa nini, hata sikuelewa.

Shemeji akaenda kuulizia. Picha aliyooneshwa mara ya kwanza ilikuwa kwenye simu, imesharushwa kutoka simu moja kwenda nyingine. Kirikuu nyeupe, ubavuni kuna Noah inapita, namba ya mwisho ni 3 ukitaka na ni 8 ukitaka. Nikamwambia, shemeji, usilipe na wala usigombane. Omba picha halisi, ile iliyotoka kwenye mashine. Safari ya kwanza akaambiwa arudi kesho. Ya pili vile vile. Ya tatu wakamfungulia. Namba ilikuwa 3, gari ni lake. Ile alama ya shabaha imekaa puani mwa kirikuu, haijagusa Noah. Lakini picha ile ilikuwa na saa pia: saa 12 na dakika 20 asubuhi. Muda huo gari alikuwa nalo deiwaka! Shemeji hakudanganya, tochi nayo haikudanganya. Deiwaka alilipa kwa mafungu mawili huku akinuna, na tajiri akatulia.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani nasema mashine haikosei. Inakosea, na imeshawahi kuumbuka vibaya. Mwaka 1979 huko Miami, Marekani, watu wa televisheni walichukua kifaa cha rada cha kupimia mwendo wakakielekeza kwenye mti wa jamii ya mnazi. Kifaa kikasema mti unakwenda maili 86 kwa saa, yaani kama kilometa 138. Mnazi! Nyumba nayo ikakutwa inatembea maili 28. Jaji aliyekuwa na kesi hizo akatupilia mbali mashtaka kama 80 ya mwendokasi kwa mpigo.

Utasema hayo ni ya zamani. Haya, Desemba 2012, mji wa Baltimore huko huko Marekani, gazeti la Baltimore Sun liliandika habari ya gari lililoandikiwa faini ya mwendo wakati picha zenyewe zinaonesha limesimama kwenye taa nyekundu. Mwaka uliofuata mji ukazima kamera zake. Na Uingereza mwaka 2021, kamera katika mji wa Bath ilisoma maandishi ya fulana ya mama aliyekuwa anatembea kwa miguu ikadhani ni namba ya gari, faini ikaenda kwa watu wengine kabisa wanaoishi mbali na mji huo. Jirani zetu Uganda walianzisha mfumo wa faini za kamera Juni 2025. Wenye magari wakapiga kelele kuhusu vibao vya mwendo na muda mfupi wa kulipa, na mwezi huo huo serikali ikausimamisha kwa muda.

Fizikia yangu ni ya kidato cha nne, lakini hili halihitaji profesa. Rada inatawanya mawimbi yake kama mwanga wa kurunzi, kwa hiyo magari mawili yakiwa sambamba inaweza kurudishiwa mwendo wa lile jingine. Tochi ya leza ina mwali mwembamba, ila nao kadiri gari linavyokuwa mbali ndivyo unavyopanuka. Ndiyo maana ile alama ya shabaha ni muhimu kuliko hata namba ya kasi: inakuambia ni gari lipi lilipimwa. Halafu kuna hili la simu. Picha ikitumwa kwa WhatsApp inabanwa ili iwe nyepesi, na kinachoumia kwanza ni vitu vidogo kama herufi na namba. Ukungu unaouona mara nyingi hauko kwenye picha halisi. Unaweza kukataa kwa mbwembwe, picha kamili ikaletwa, ukaonekana kituko mbele ya hakimu.

Angalia pia rangi ya kibao. Gari la biashara lina kibao cheupe, la mtu binafsi cha njano. Namba hata ikifutika nusu, rangi haifichiki, na kwa dereva wa kirikuu hiyo peke yake inaweza kumtoa kwenye kimeo.

Haya, sheria inasemaje? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imekuachia njia mbili unapopewa cheti: ukubali kosa ulipe, au ukatae upelekwe mahakamani. Kukataa si ukaidi na wala si kumtukana afande, ni haki iliyoandikwa. Ukifika huko, mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, wewe huna kazi ya kuthibitisha kwamba ulikwenda polepole. Na kuhusu picha za kwenye simu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime uaminifu wa namna ushahidi wa aina hiyo ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyotumwa. Kwa hiyo una haki ya kuuliza nani alipiga picha, ilipita kwa nani, na ile ya mwanzo iko wapi.

Lakini tuongee kiutu uzima. Kortini kuna nauli, kuna kuahirishwa, na hesabu ya tajiri haiahirishwi. Hakimu naye hafungwi na ile 30,000 akikutia hatiani. Ndiyo maana mimi nasema kama unajua moyoni ulikuwa na mbio, lipa, hata picha iwe na ukungu wa Lushoto. Ile 50 haikuwekwa kwa ajili ya kukukomoa, imewekwa kwa ajili ya mtoto anayevuka kwenda shule. Kama hujui, omba picha halisi kwanza, kwa heshima, ndipo uamue. Na kama picha halisi nayo haionyeshi namba, au shabaha iko kwenye gari la jirani, hapo kataa, hata kama itakula siku mbili za kazi. Maana ukilipa umekubali kosa, na kwa dereva wa gari la mtu, kosa lililokubaliwa ndilo tajiri analolihesabu.

Wapo wanaosema kuna njia ya tatu, ya kumalizana kiaina kwa elfu tano. Wanaosema hivyo wasahau kwamba sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inamshika mtoaji na mpokeaji. Utakuwa umekimbia kosa la faini ukajiingiza kwenye la jela.

Swali moja ambalo ningelipeleka mahakamani kama gari lingekuwa langu, nililipata kwa muuza mchele hapa sokoni. Mizani yake lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka, asipofanya hivyo anashikwa, na hiyo ni kwa ajili ya kilo ya mchele. Basi na mimi ningeomba nioneshwe karatasi ya tochi: ilihakikiwa lini, na nani?