Je, Wajua? Beit al-Amani na Chui wa Unguja

Je, wajua kwamba jengo lile jeupe la makuba lililoko Mnazi Mmoja, mjini Unguja, lijulikanalo kwa jina la Beit al-Amani kwa kuwa lilijengwa liwe ukumbusho wa amani iliyorejea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, lilifunguliwa mwaka 1925 kuwa makumbusho, na kwamba aliyelichorea ramani ni J. H. Sinclair, yule yule aliyepata kuwa Balozi Mkazi wa Kiingereza visiwani?

Humo wageni wengi walikuwa wakiliendea sanduku la dawa la David Livingstone. Lakini tunu iliyo azizi zaidi katika hazina ya makumbusho ya Unguja, kwa rai yangu, ni chui wa kisiwa aliyekaushwa: umbo lake dogo kuliko la jamaa zake wa bara, madoa yake madogo yaliyokatika-katika, mnyama ambaye watu wa mashamba waliitakidi kuwa hufugwa na wachawi, na ambaye kwa sababu ya itikadi hiyo, na kwa kufyekwa misitu, aliwindwa hata akaadimika mno, na wataalamu wengi wakakhofu kuwa ametoweka.

Msomaji, ukijaaliwa kufika Unguja, waulize wahifadhi habari za chui huyo kwanza.