Besi ya zamani: sauti iliyofifia itafutwe wapi kwanza?

Besi ni gitaa ambalo wasikilizaji wengi hulitambua pale linapokosekana. Uzi wake mnene kuliko wote, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka takribani mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya redio ya mezani au ya simu haiwezi kutoa mtetemo wa chini kiasi hicho. Unachosikia ni mitetemo midogo inayozaliwa pamoja nao, ile ya mara 82, mara 123 na kuendelea, kisha sikio lako lenyewe hujazia kilichokosekana. Kwa hiyo besi iliyopoteza sauti zake za juu, ikifika redioni, huwa kama haipo kabisa.

Hilo ndilo linalowapata wenye magitaa ya miaka ya 1960 na 1970. Mbao ni nzima, shingo imenyooka, lakini sauti ni butu, inakwaruza na inavuma. Ushauri wa kwanza wanaopewa huwa ni kununua pikapu mpya. Si gari tunalozungumzia hapa, bali kile kipande chenye sumaku kilicho chini ya nyuzi. Katika makala hii tunaeleza kwa nini pikapu inapaswa kuwa ya mwisho kushukiwa, na kwa nini baadhi ya marekebisho hayafai kufanywa kabisa kwenye gitaa la zamani.

Mifumo miwili iliyonakiliwa duniani kote

Mwaka 1951 Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, alianza kuuza besi ya umeme iliyoitwa Precision. Mwaka 1957 pikapu yake ilibadilishwa ikawa vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi mbili nene na kingine chini ya nyuzi mbili nyembamba. Mwaka 1960 ikafuata Jazz Bass, yenye pikapu mbili. Viwanda vingi, vikiwemo vya Japani, viliiga mifumo hiyo. Ndiyo maana hata kama gitaa lako lina jina jingine kichwani, huenda nyaya zilizo ndani yake zimepangwa kwa moja ya njia hizo mbili.

Ndani hamna mengi. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya koili. Umeme huo hupita kwenye kizungushio cha sauti, kisha cha toni chenye kapasita moja, halafu hutoka kwenye tundu la jeki na kwenda kwenye amplifaya. Betri haipo. Kwa kuwa umeme wenyewe ni mdogo, kila kasoro ya njiani huusumbua: kutu, vumbi, kiungo kilicholegea au waya uliochakaa.

Anza na yale yasiyohitaji pasi ya kulehemu

Kwanza badilisha nyuzi na ujaribu waya mwingine wa kuunganisha. Nyuzi zilizolowa jasho kwa miaka hupoteza mng'ao wake, na hakuna pikapu inayoweza kuurudisha. Mwambao una adui wa ziada, kwani hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Unguja hushambulia chuma cha nyuzi, skrubu na viungo vya ndani kwa kasi kuliko hewa ya bara. Waya wa kuunganisha nao ukiwa mrefu sana hula sauti za juu kabla hazijafika kwenye amplifaya.

Pili, pima umbali kati ya pikapu na nyuzi. Bana uzi kwenye kigawanyo cha mwisho cha shingo, kisha tazama nafasi iliyobaki juu ya sumaku. Milimita 3 hivi ni mahali pazuri pa kuanzia. Pikapu ikiwa chini mno, sauti hudhoofika. Ikiwa juu mno, sumaku huvuta uzi na noti huyumba kama imepotea ufunguo. Skrubu mbili au nne ndizo zinazoamua, na kazi hiyo haina gharama.

Tatu, safisha vizungushio. Mkwaruzo unaosikika unapokizungusha kimoja husababishwa na vumbi na uchakavu kwenye njia ya kaboni iliyo ndani. Dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, ile inayotumiwa na mafundi redio, huingizwa kwenye upenyo mdogo, kisha kizungushio huzungushwa mara nyingi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mafuta ya kulainishia bawaba za milango hayafai, kwa sababu hubaki ndani na kukusanya vumbi jipya.

Mvumo unatoka wapi?

Umeme wa majumbani Afrika Mashariki hubadilisha mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Noti ya sol ya chini kwenye besi ina mitetemo 49. Hivyo mvumo wa umeme hukaa karibu kabisa na noti ambayo mpigaji anaihitaji, na fundi mitambo studioni hawezi kuukata bila kukata muziki.

Vipande viwili vya Precision vimesukwa kinyume cha kimoja na kingine, kwa hiyo mvumo unaoingia kimoja hufutwa na unaoingia kingine. Jazz Bass hufanya vivyo hivyo pale tu pikapu zote mbili zinapofunguliwa sawasawa. Ukipunguza moja, mvumo hurudi. Huo si ubovu, ndivyo gitaa lilivyoundwa.

Kama mvumo upo wakati wote, lakini unapungua ukigusa nyuzi, basi waya wa ethi unaofungwa chini ya daraja la nyuzi ni mzima, na kilichopungua ni kinga. Tundu la mbao lenye nyaya linaweza kufunikwa ndani kwa karatasi ya shaba yenye gundi, kila kipande kikigusana na kingine, kisha yote yaunganishwe na ethi. Mvumo unaoingia kupitia nyaya utapungua, ingawa ule unaoingia moja kwa moja kwenye koili utabaki.

Kuna fundi atakayekushauri uukate waya wa ethi wa daraja. Usikubali. Na ukigusa nyuzi ukahisi umeme unakutekenya, au midomo ikapigwa shoti ukikaribia maikrofoni, acha kupiga papo hapo. Tatizo hilo halimo ndani ya gitaa, limo kwenye amplifaya, kwenye mitambo ya sauti au kwenye nyaya za ukumbi. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi ya kutosha.

Mita inasemaje?

Kabla ya kulaumu pikapu, ipime. Hakuna haja ya kufungua gitaa. Chomeka waya wa kuunganisha, fungua vizungushio vyote hadi mwisho, kisha weka mita ya umeme kwenye ncha na kwenye shina la jeki ya upande wa pili. Precision nzima husoma takribani omu 10,000. Jazz Bass yenye pikapu zote mbili wazi husoma chini ya nusu ya hapo, na ukifunga moja, nyingine husoma kati ya omu 7,000 na 8,000.

Mita ikionyesha zaidi ya omu 200,000, koili au waya wake umekatika. Dalili yake husikika pia: sauti haipotei yote, bali hubaki nyembamba kama mbu. Hapo ndipo pikapu inapokuwa na hatia kweli, na hata hivyo haijafa, kwa kuwa inaweza kusukwa upya. Mafundi wa kusuka mota wapo karibu kila mji, na wanajua shaba. Hata hivyo, muulize kwanza fundi wako kama anao waya wa unene wa sehemu 6 za mia za milimita na mashine inayohesabu mizunguko. Waya huu hukatika kwa mvuto mdogo tu, na sumaku za zamani zinatakiwa zirudi mahali pake zikiwa zimetazama upande uleule.

Vizungushio na kapasita

Kizungushio kilichochakaa kupita kusafishwa kinabadilishwa. Besi hizi hutumia cha omu 250,000. Ukiweka cha 500,000 sauti itakuwa kali zaidi, jambo linalomfaa mtu mmoja na kumkera mwingine. Kapasita ya toni kwa kawaida ni ya maikrofaradi 0.047 au 0.05. Utakutana na wauzaji wanaonadi kapasita za bei kubwa kwa sababu ya kitu zilichotengenezwa nacho. Ukweli ni kwamba kizungushio cha toni kikiwa wazi kabisa, kapasita huchangia kidogo sana, na kikifungwa, kinachoamua ni kiwango chake. Ya bei nafuu yenye kiwango sahihi hufanya kazi hiyohiyo.

Je, kuongeza betri?

Mwaka 1976 kampuni ya Music Man, ambayo Leo Fender alishiriki kuianzisha, ilitoa besi ya StingRay iliyokuwa na kikuza sauti kidogo kinachotumia betri ya volti 9. Mpigaji aliweza kuongeza sauti za juu na za chini, si kupunguza tu, na waya mrefu haukula tena sauti. Marcus Miller wa Marekani alimpa Roger Sadowsky, fundi wa New York, Jazz Bass yake ya mwaka 1977 awekewe kikuza sauti cha aina hiyo, na sauti iliyotoka ikawa utambulisho wake.

Lakini besi ya Miller ilikuwa karibu mpya wakati huo. Kwenye gitaa lenye miaka hamsini, betri inahitaji nafasi, na nafasi hupatikana kwa kuchimba mbao. Kikuza sauti hichohicho kinapatikana kama kisanduku cha kuweka sakafuni. Kinafanya kazi hiyo bila kugusa gitaa, na betri ikiisha katikati ya onyesho unakichomoa na kuendelea.

Kisichorudishika

Mwaka 1965 kampuni ya CBS iliinunua Fender, na tangu hapo besi zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo zimekuwa mali ya kutafutwa. Thamani yake haiko kwenye mbao peke yake. Mgongo wa kizungushio cha zamani una namba: 137 ni alama ya mtengenezaji aitwaye CTS, na tarakimu zinazofuata hutaja mwaka na wiki, hivyo 1376633 ni wiki ya 33 ya mwaka 1966. Anayekitupa kizungushio hicho ametupa cheti cha kuzaliwa cha gitaa.

Kwa hiyo piga picha ya nyaya kabla ya kugusa chochote. Kila kinachotolewa kiwekwe kwenye mfuko wenye maandishi na kikae pamoja na gitaa. Pikapu mpya, kama ni lazima, iwe ya umbo lilelile ili ikae kwenye tundu lililopo. Usitoboe, usichimbe.

Wapo waliokwenda kinyume na wakafanikiwa. Jaco Pastorius aliondoa vigawanyo vyote kwenye shingo ya Jazz Bass yake ya mwaka 1962 na kuipaka gundi ngumu ya mashua. James Jamerson wa studio za Motown, Detroit, alifanya kinyume chake: alipiga Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi nzito zilizosagwa laini, na alisifika kwa kutozibadilisha mpaka zikatike. Sauti yake butu ndiyo aliyoitaka. Wote wawili walijua wanatafuta sauti gani kabla ya kushika bisibisi.

Kwa bendi zetu jambo hili si la makumbusho. Rekodi nyingi za muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1970 zilifanyika katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na mpaka leo besi yake ndiyo inayowainua watu kwenye viti. Mpigaji mwenye gitaa la enzi hiyo anashika chombo cha kazi kinachomlisha. Nyuzi mpya, dawa ya kusafishia, karatasi ya shaba na nusu siku kwa fundi mwenye mkono mtulivu ni gharama ndogo kuliko pikapu za kuagiza nje. Ukifuata mpangilio huo na sauti bado ikakataa, utakuwa umeshajua kwa mita, si kwa kubahatisha, ni kipi cha kununua.